Tupeane uzoefu: msanii uliyemjua kwenye runinga, na yule uliyekutana naye mtaani

Bint Mtoni (mleta mada)

Habari zenu wadau.

Jana jioni nilipanda daladala pale Makumbusho, naelekea Mbagala. Akapanda dada mmoja na gitaa ndani ya mfuko mweusi. Konda akamsaidia kuliegemeza nyuma ya siti ya dereva, akamwangalia, akamwangalia tena. Kisha kwa sauti ya konda, mnaijua, akasema: "Dada, wewe si yule uliyesahau maneno mbele ya majaji ukaanza kulia?"

Dada akatabasamu kidogo, hakujibu. Kijana wa siti ya nyuma akatoa simu. Dakika haikupita, klipu ikawa inasikika gari zima: ile kwikwi, halafu kicheko cha jaji. Abiria wakacheka. Mama mmoja akasema "mwacheni mtoto wa watu", huku naye anacheka.

Mimi sikucheka jana, lakini klipu ile naijua vizuri. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza nilikuwa sebuleni kwetu. Nilicheka mpaka nikamwita mdogo wangu aje aone, na usiku huohuo nikaituma kwenye kundi la wenzangu wa chuo. Jana nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kuona vidole vyake vya mkono wa kushoto. Ncha zote nne zina sugu, ngumu kama kisigino. Sugu za namna ile hazipatikani kwa wiki mbili za kujifunza gitaa. Alikuwa amemwambia konda anashuka Mtoni Mtongani. Tulipofika Chang'ombe akabeba gitaa lake akashuka.

Sikulala vizuri. Tupeane uzoefu: mlioshiriki mashindano na vipindi hivi vya kufuatwa na kamera, mliofanya kazi nyuma ya kamera, ndugu wa washiriki, na sisi watazamaji. Vimebadilishaje macho yetu juu ya wasanii? Naomba tusitaje vituo wala kumchafua mtu kwa jina.

Mama Kulwa wa Tandika

Umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kulisema popote. Nina sufuria jikoni, narudi.

Chuma cha Reli

Mleta mada nakuheshimu, lakini hili la kuilaumu kamera silikubali. Mwaka 2003 Mwisho Mwampamba alikwenda Big Brother Africa ya kwanza kabisa, lile shindano la kuishi nyumba moja mbele ya kamera, hakushinda, na nchi nzima ikamjua. 2007 Richard Bezuidenhout akarudi nyumbani na dola 100,000. 2014 Idris Sultan akarudi na dola 300,000, na leo ni mchekeshaji na mwigizaji anayejulikana nje ya mipaka. Peter Msechu alishika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kuimba ya Tusker Project Fame 2010. Walter Chilambo alishinda Bongo Star Search 2012, leo anaimba injili. Bila runinga mngewajulia wapi? Kijana wa Mbagala au wa Kigoma asiye na mjomba redioni, nani angemfungulia mlango? Kusahau maneno ni kusahau maneno. Hakuna aliyelazimishwa kupanga foleni.

Mjukuu wa Gerezani

Chuma, umetaja watu watano. Tutajie na watano kati ya wale waliokaa kwenye foleni tangu saa kumi alfajiri wakaondoka na namba ya karatasi kifuani.

Chuma cha Reli

Mashindano yoyote yana washindi na washindwa. Hata Yanga na Simba mmoja hufungwa.

Mjukuu wa Gerezani

Mchezaji aliyefungwa haonyeshwi miaka sita akilia kwenye daladala.

Chuma cha Reli

Anaonyeshwa sana. Muulize kipa yeyote.

Mezani kwa Picha

Nilikuwa nimeamua kupita kimya, lakini ngoja niseme ninachokijua, kwa sababu nilikuwa upande wa pili.

Nilikaa miaka mitatu kwenye meza ya kuhariri. Kipindi kimoja kilikuwa cha wasanii wachanga kuishi nyumba moja, kingine cha majaji. Sivitaji. Kamera nne, siku nzima, na kinachohitajika ni dakika ishirini na nne. Sasa hapo hata ungekuwa mcha Mungu kiasi gani, lazima ukate. Kukata si tatizo. Shida ni kilichokuwa ukutani mwetu.

Ukutani palikuwa na karatasi yenye majina ya washiriki wote, na mbele ya kila jina neno moja. Mlizi. Mchokozi. Mlokole. Kichekesho. Yatima. Neno hilo liliandikwa wiki ya kwanza, wakati wengine hata sauti zao hatujazisikia vizuri. Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kulitafutia neno ushahidi. Mlizi akicheka siku tano na kulia siku moja, mnaona ile moja. Mlokole akisimulia mambo ya muziki saa nzima kisha aseme "Mungu mkubwa", mnasikia "Mungu mkubwa". Sikuongeza uongo wowote pale. Kila kilichoonekana kilitokea kweli, na mtu aliyetokea si yule.

Tulikuwa na faili tuliloliita "sura". Jaji akipiga miayo, akikunja uso kwa sababu taa inamchoma, akicheka na mwenzake wakati wa mapumziko, vyote vinahifadhiwa. Mtu akiimba Jumanne, uso wa jaji unaouona unaweza kuwa wa Jumapili. Mleta mada, hicho kicheko cha jaji kwenye klipu ya huyo dada, mimi siwezi kuapa kwamba jaji alicheka saa ile.

Halafu kuna mahojiano ya pembeni, yale mtu anakaa peke yake anasema na kamera. Mshiriki anaambiwa: jibu kwa sentensi kamili, rudia swali ndani ya jibu. Anaulizwa nani humu ndani hana kipaji. Anasema: "Asiye na kipaji humu labda ni fulani, lakini anajituma kuliko sisi wote." Mkasi unapita baada ya jina. Na wanaombwa wavae fulana ileile kila wanapokaa kwenye kile kiti, ili sentensi ya wiki ya pili iweze kukaa ndani ya wiki ya tano bila mtu kugundua.

Na mkasi unaweza pia kumjenga mtu. Mnamkumbuka yule mama wa Scotland, Susan Boyle, 2009, Britain's Got Talent? Kabla hajafungua mdomo mmeonyeshwa watu ukumbini wakimcheka na kugeuza macho. Mkaandaliwa kumdharau, ndipo alipoimba mkatokwa na machozi. Sauti ile ni yake halisi, Mungu alimpa. Ila yale machozi yenu yalipangiwa mahali pa kutokea. Akaishia nafasi ya pili, na dunia ikamkumbuka yeye.

Zuhura Kimara

Nimesoma mara mbili. Kumbe ile fulana ileile ndiyo sababu yake! Siku zote nilidhani wamekosa nguo.

Saluni ya Sinza

Mimi nipo na watazamaji kutwa nzima, runinga iko juu ya kioo, kwa hiyo nawasikia watu wanavyowajadili wasanii kuliko mtafiti yeyote.

Machi 2022 kilipotoka kile kipindi cha Netflix, Young, Famous & African, kinachowakusanya mastaa Johannesburg, na Diamond na Zari wamo, saluni iligawanyika. Wateja wa umri wangu walikuwa wanamjua Diamond tangu anatoka Tandale. Walikuwa wanabishana kuhusu nyimbo: ipi bora, nani alimwandikia, sauti yake ya zamani na ya sasa. Wateja wadogo, wa umri wa binti yangu, walikuwa wanajua nani kamkasirikia nani mezani. Mmoja alimaliza kusukwa nywele saa nne nzima akizungumzia uhusiano wa Diamond, na sikusikia akitaja wimbo hata mmoja. Nikamuuliza, unampenda kwa wimbo gani? Akasema, "Mimi napenda maisha yake."

Nilipata kigugumizi. Maana miaka ya nyuma EATV walionyesha Diary ya Lady Jaydee, na ile ya Wema Sepetu, In My Shoes, na mimi nilikuwa sikosi. Nilimpenda Jaydee zaidi baada ya kumwona anavyohangaika na kazi. Kwa hiyo siwezi kusema kamera nyumbani kwa msanii ni ubaya mtupu. Tofauti ninayoiona mimi ni nani anayeshikilia mkasi, kama alivyoeleza Mezani kwa Picha. Lakini hata ukiushika mwenyewe, watazamaji wakishazoea kukuona jikoni kwako, siku ukifunga mlango wanasema unaringa. Nimewasikia hapa hapa, mikono ikiwa kwenye nywele zao.

Mkaka wa Temeke

Ushauri wangu kwa anayetaka kwenda: usilie kabisa. Hata ukifiwa.

Zuhura Kimara

Acha kumpotosha mtu. Lia! Anayelia ndiye anayepigiwa kura. Mimi mwenyewe nilimaliza salio la wiki nzima kwa SMS kumpigia mlizi mmoja.

Mkaka wa Temeke

Ulimpigia kura, ila albamu yake ulinunua?

Zuhura Kimara

...Hapana.

Mama Kulwa wa Tandika

Nimerudi. Naomba mnivumilie maana silisemi kwa kujisifu.

Nilikuwa mhazini wa kamati ya harusi ya mpwa wangu. Tulikuwa na bajeti ya kikundi cha muziki, emsii akatuletea jina la binti mwimbaji, akatutumia na sauti yake. Sauti nzuri, sote tulikubali. Kikao cha tatu mjumbe mmoja akasema, "Huyu si yule wa kwenye kipindi, mwenye majivuno?" Akatuonyesha. Kweli alikuwa anaongea maneno ya dharau kwa wenzake. Nikasema mimi, kwa mdomo wangu, kwamba mtu mwenye roho hiyo hawezi kumwimbia mwanetu akaingia kwenye ndoa yenye baraka. Tukaomba advansi yetu irudi. Ilirudi siku ileile, bila neno.

Tuliyemchukua badala yake alichelewa saa mbili na nusu. Lakini hilo si la kusimulia. La kusimulia ni kwamba hakuna hata mmoja kwenye ile kamati, watu kumi na wawili tuliosoma, aliyesema tumpigie simu tumsikie.

Kinyago cha Mwenge

Mama, umeharibu riziki ya mtu kwa klipu ya dakika moja halafu unakuja kutusimulia?

Mama Kulwa wa Tandika

Ndiyo, mwanangu. Nimekuja kusimulia kwa sababu ni kweli.

Kinyago cha Mwenge

Afadhali ungenyamaza.

Bint Mtoni (mleta mada)

Kinyago, tafadhali. Nimeomba uzoefu na mama ametoa. Mimi nilituma ile klipu kwenye kundi la watu sitini. Nianze kutukanwa mimi.

Sauti ya Keko

Mama Kulwa, shikamoo. Sijui kama ni mimi mliyenikataa. Nitasimulia yangu.

Naimba tangu nikiwa na miaka kumi na tano. Kwanza kwaya, halafu harusi, sendofu, kipaimara, popote panapoitisha sauti. Nilikuwa na kikundi cha watu watano na tulikuwa hatukosi kazi mbili kila Jumamosi msimu wa harusi. Nikaingia kwenye kipindi kama alichokisema Mezani kwa Picha: nyumba moja, wasanii wachanga, kamera hadi kwenye korido ya choo.

Wiki ya nne tulipangiwa kuimba kwa makundi. Kundi langu wawili walikuwa wanaumwa. Mmoja alikuwa anatetemeka, nimemfunika kanga yangu mwenyewe. Wakaja kutuita saa tano usiku turudie wimbo kwa sababu taa ilikuwa imeharibika mara ya kwanza. Nikawaka. Nikasema: "Mimi siimbi na watu kama hawa wana homa, waacheni walale, asubuhi tutaimba." Nilikuwa nimesimama mlangoni, mkono hivi, nimewazuia. Wakatuacha. Yule mwenzangu alinishukuru na machozi.

Jumapili ya wiki iliyofuata nilikuwa nimeshatolewa, niko nyumbani. Mama alitoa runinga barazani ili majirani waone. Watoto wamekaa kwenye mkeka, akina baba wamesimama nyuma, mama kakaanga karanga za kugawa. Nikajiona nimesimama mlangoni, mkono hivi. Nikasikia sauti yangu: "Mimi siimbi na watu kama hawa." Ikakatika hapo. Ikafuata picha ya yule mwenzangu analia.

Pale barazani hakuna aliyesema kitu. Mama alichukua rimoti akapunguza sauti, akaendelea kugawa karanga. Watu wakaondoka mmoja mmoja na karanga zao.

Kuanzia Jumatatu jina langu likawa hilo. Sikuwa tena naitwa kwa jina, nilikuwa "Siimbi Na Watu Kama Hawa". Nilimpigia prodyuza nikaomba waonyeshe sentensi yote. Akaniambia kwa upole kabisa, "Dada, kipindi kimeshapita, watu watasahau." Ndani ya mwezi mmoja kamati tatu zilidai advansi. Moja ilikuwa laki tatu na nilikuwa nimeshalipia ada ya mdogo wangu, nikaikopa kwa muuza duka ili niirudishe siku ileile, asije mtu akasema na wizi pia.

Lakini hayo si mabaya zaidi. Baya zaidi lilikuwa msibani. Jirani yetu alifariki, mzee aliyenibeba nikiwa mdogo. Nikaenda kama mtu yeyote, nikafunga kanga, nikakaa na akina mama nyuma ya nyumba tunamenya vitunguu. Nikaomba kisu. Mama mmoja, sikumjua, nadhani alikuwa ndugu wa marehemu aliyetoka shamba, akakishika kile kisu akasema, "Kumbe unakaa na watu kama sisi?" Wengine wakainamisha vichwa. Kisu akakiweka chini, hakunipa mkononi. Nilikiokota nikamenya vitunguu. Nilimenya ndoo nzima. Ikawa faraja kwangu kwamba vitunguu vinatoa machozi.

Kikundi changu kilivunjika, siwalaumu, wana watoto. Kwa miaka miwili niliimba viitikio studio za watu, bila jina. Kuna nyimbo mnazicheza kwenye harusi zenu ambazo sauti ya pili ni mimi. Mnaipenda. Nimekaa kwenye sherehe nikaona mtu aliyenicheka anaiitikia sauti yangu amefumba macho.

Zuhura Kimara

Niko ofisini nimefunga mlango.

Mkaka wa Temeke

Pole sana dada yangu. Sina la kuongeza.

Kinyago cha Mwenge

TAJA KITUO. Hapa tumalizane nao.

Bint Mtoni (mleta mada)

Kinyago, hapana.

Mtu Mmoja tu

Hadithi nzuri ila tumesikia upande mmoja. Huenda kweli ulikuwa unaringa.

Mjukuu wa Gerezani

Wewe umejiunga leo mchana, umekuja kumuumiza mtu tu?

Chuma cha Reli

Dada, pole. Nasema kwa dhati. Hili la kukata sentensi ni dhuluma na sikulijua. Lakini bado nina swali, na silileti kwa ubaya: mkataba ulisaini?

Sauti ya Keko

Nilisaini, kaka. Kurasa kumi na nne za Kiingereza, usiku, nje ya geti, tukiwa watu arobaini na kalamu mbili. Aliyetaka kusoma aliambiwa apishe wengine.

Chuma cha Reli

Nimeelewa.

Mwanasheria wa Kijiweni

Wanaotaka kwenda: tafuteni kipengele kinachosema mwandaaji ana haki ya kuhariri, kubadili na kutumia sauti na taswira yako bila kukushauri tena. Karibu kila mkataba unacho. Usisaini siku hiyohiyo, ombeni nakala muende nayo nyumbani. Wakikataa kukupa nakala, geuza.

Mkaka wa Temeke

Ukigeuza, nyuma yako kuna elfu mbili wanaosubiri. Saini tu, muombe Mungu.

Mezani kwa Picha

Nyongeza kutoka mezani. Kwenye mahojiano ya pembeni toa sentensi fupi zilizokamilika. Usitumie "lakini". Kila "lakini" ni mahali pa mkasi.

Zuhura Kimara

Mimi nasema wasiende kabisa. Siku hizi una simu, jirekodi mwenyewe.

Saluni ya Sinza

Jirekodi, nani atakuona? Kuna maelfu wanaojirekodi chumbani. Yule Jennifer Hudson wa Marekani alitolewa American Idol 2004 akiwa wa saba, miaka mitatu baadaye akabeba Oscar. Asingekwenda angebaki kwenye kwaya.

Mzee wa Morogoro Stores

Hamjambo wanangu. Mnazungumzia waimbaji, na sisi wachoraji tumo.

Mimi nachora Tingatinga pale Oysterbay, Morogoro Stores, mahali ambapo Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianzia mwishoni mwa miaka ya 60 kwa hadibodi na rangi za baiskeli. Alifariki 1972 na kazi ikaendelea kwa ndugu na wanafunzi wake. Rangi tunayotumia ni ya mafuta, ile ya kung'aa. Haikubali haraka. Unapaka usuli leo, unaning'iniza. Kesho unaweka umbo kubwa, chui au mbuyu. Ikikauka ndipo unarudi na brashi nyembamba, unaweka madoa na manyoya moja moja. Ukiweka doa juu ya rangi mbichi linasambaa, chui anakuwa na upele.

Walikuja watu wa kipindi na kamera, siku moja tu. Wakataka waone picha inaanza mpaka inaisha. Nikawaambia haiwezekani, njooni siku nne. Wakasema mzee, una picha iliyofika katikati? Nikawapa. Wakanichukua napaka ubao mtupu, wakanichukua naweka madoa kwenye picha niliyoianza wiki iliyopita, wakanichukua natia sahihi kwenye picha ya tatu kabisa, ya zamani. Kwenye runinga ikawa picha moja, na pembeni saa ya ukutani inazunguka. Muziki wa ngoma. Nikaonekana nimemaliza kwa saa moja.

Majirani walifurahi sana, walinipongeza. Lakini tangu hapo mteja akija nikimwambia laki moja na nusu ananiambia, "Mzee, nimekuona kwenye tivii, unachora kwa saa moja, laki moja na nusu ya nini?" Wengine wanataka nichore wakisubiri wanywe soda. Nimejaribu kueleza habari ya kukauka. Wanatabasamu kama mtu anayesikiliza ujanja wa muuzaji.

Mwaka 2010 huko Marekani walianzisha shindano la wachoraji na wachongaji kwenye runinga, Work of Art. Kijana Abdi Farah akashinda dola 100,000 na maonyesho Brooklyn Museum. Heri yake. Ila kila wiki walipewa jambo la kufanya na saa za kulimaliza, kisha mmoja anarudishwa nyumbani. Mwanangu alinionyesha. Nilimuuliza swali moja: rangi inakauka saa ngapi?

Mtu Mmoja tu

Bado nasubiri yule mwenye homa aje athibitishe.

Kinyago cha Mwenge

Dada wa Keko, huyo mwenzako uliyemfunika kanga mbona hakuwahi kukutetea? Yuko wapi?

Mjukuu wa Gerezani

Hilo hata mimi nataka kulijua.

Zuhura Kimara

Jamani mwacheni apumue.

Sauti ya Keko

Alikuwa bado ndani ya nyumba, hawakuwa na simu. Alipotoka alinipigia. Mkataba ulimkataza kuzungumzia yaliyotokea nyuma ya kamera, faini yake nilionyeshwa, asingeilipa maisha yake yote. Nilimwambia anyamaze. Tuishie hapo juu yake, naomba.

Mama Kulwa wa Tandika

Binti yangu, marahaba. Harusi yetu ilikuwa Ubungo, ukumbi wa karibu na kituo cha zamani cha mabasi. Advansi ilikuwa laki mbili.

Sauti ya Keko

Hapana mama. Hao siwajui. Zangu zilikuwa Kigamboni, Tabata na Mbezi.

Mama Kulwa wa Tandika

Basi yupo mwingine.

Mezani kwa Picha

Wapo. Ile karatasi ya ukutani ilikuwa na majina kumi na manne kila msimu.

Saluni ya Sinza

Mzee wa Morogoro Stores, shikamoo. Hakuna aliyekujibu hapo juu na ulichosema kimenigusa. Nina ukuta mtupu juu ya masinki. Nikitaka picha ya ndege, kubwa, siku ngapi?

Mzee wa Morogoro Stores

Marahaba mama. Kama upana ni wa mikono miwili, nipe siku tisa. Mvua zikiwa nyingi, kumi na mbili.

Saluni ya Sinza

Nitasubiri.

Zuhura Kimara

Mleta mada, yule dada wa gitaa anaitwa nani? Nataka kumtafuta nimsikilize akiimba wimbo mzima.

Bint Mtoni (mleta mada)

Nimelitafuta jina lake tangu asubuhi. Klipu imewekwa kwenye kurasa nyingi na zote zimeandika "aliyesahau maneno". Jina halipo. Nimeshuka kwenye komenti mpaka za mwisho, watu wanacheka tu, hakuna anayelijua. Nimeitazama mara nyingine nimezima sauti nione kama kuna karatasi kifuani. Ipo, namba tu. Na kabla hajasahau ameimba mistari minne hivi. Sikuwahi kuisikiliza hiyo mistari. Anaimba vizuri.

Konda wa Rangi Tatu

Mimi niko njia hiyo ya Makumbusho, ila si gari lenu. Wenye magitaa si wengi. Anashuka wapi, na mfuko ukoje? Nikimwona nitamuuliza jina kwa adabu.

Bint Mtoni (mleta mada)

Mtoni Mtongani. Mfuko mweusi, pembeni una kiraka cha kitenge cha njano. Tafadhali usimuulize mbele ya abiria.